Tofali lililofanana kupita yote

Juzi mjukuu wangu aliniuliza kwa nini ukuta wa stoo una mabaka mekundu. Alikuwa anatafuta mpira wake huko nyuma, na hata jibu hakulingoja. Mpira ulipopatikana akaondoka nao, swali akaniachia.

Mnaonifahamu mnakumbuka nilivyosumbua watu mwaka ule wa dirisha la mbele. Chini ya dirisha matofali yalikuwa yanabanduka nyuso. Ukipitisha kiganja, unga mwekundu unabaki mkononi, na kila mvua zikiisha tulikuta vipande vya ukubwa wa ukucha vimelala chini. Aliyeishi pale kabla yetu alikuwa amejazia viungo, yaani nafasi kati ya tofali na tofali, upya kwa saruji kali, ilhali ukuta wenyewe ulijengwa kwa chokaa. Tofali la zamani ni laini na linanywa maji. Chokaa huyaachia yakatoka; saruji huyazuia, nayo yakikosa njia hutokea kwenye tofali lenyewe na kuondoka na uso wake. Ukipita pale ulikuta viungo vimesimama imara na matofali yameliwa.

Ilibidi matofali hayo yabadilishwe, na kila niliyemweleza alikuwa na ushauri kuhusu kulinganisha rangi. Kimo hakuna aliyekitaja. Matofali yetu yana kimo cha milimita 73, na mapya niliyokuwa nimenunua yana 65. Milimita 8 utazificha kwenye kiungo kimoja bila mtu kujua, ila ukifika mstari wa 10 zimeshakuwa 80, zaidi ya tofali zima, na mistari yako haikutani tena na ile ya pembeni. Ndipo fundi akaniambia tuyaache hayo kwanza, tukatazame nyumba moja ya zamani iliyokuwa inabomolewa.

Rundo lilikuwa refu kutupita, na lote lilikuwa na rangi moja, ya vumbi. Fundi hakuhangaika kuchagua kwa macho. Alijaza ndoo maji, akaketi, akaanza kuyachovya moja moja. Likiingia majini tofali huvua vumbi na kuonyesha lilikotoka. Yale ya zambarau, karibu meusi, upande mmoja uking'aa kama kioo, yalipangwa jirani na moto wa tanuri. Mekundu yalikaa katikati. Yale yaliyopauka yalikuwa pembeni, moto uliyafikia umeshachoka. Kila aliloridhika nalo aliligonga kwa jingine. Mengi yalitoa mlio mkali, wa chuma hasa. Mengine yalitoa mshindo butu, na hayo aliyatupa nyuma bila kugeuka, ikabidi nihame nilipokuwa nimesimama.

Halafu mimi nikaliona langu. Rangi ile ile, kimo kile kile, hata vidoa vyeusi kwenye wekundu vilikuwa vile vile. Nilikuwa nimetoka nyumbani na kipande cha kulinganishia, nikaviweka sambamba mbele ya fundi. Alivitazama muda mrefu, akakiri hajapata kuona vitu vinavyofanana hivyo. Kisha akaligonga. Likasema pu.

“Hili lilikuwa ukuta wa ndani, bwana,” akasema. “Halijanyeshewa tangu litoke tanurini. Ndiyo maana ni zuri.”

Nilimtetea mteja wangu kwa nguvu zote. Nyumba ile ni ya umri mmoja na yetu, nikasema, na tofali limevumilia miaka yote hiyo. Fundi hakubishana. Alichota maji kwa kopo akayamimina juu yake, yakazama pale pale, hata tone halikufika chini. Akakwangua ukingo kwa ukucha wa kidole gumba, ukamong'onyoka. “Nje halimalizi mvua nyingi,” akasema, akanirudishia mkononi badala ya kulitupa na wenzake. Ustaarabu huo niliuthamini.

Tuliondoka na mzigo mdogo usiotosha. Tukiwa njiani akaniuliza stoo yangu ilijengwa lini. Pamoja na nyumba, nikamjibu, na kwa matofali ya tanuri moja. Akanyamaza, nami nikaelewa.

Kubomoa hakukuchukua muda. Chokaa kuukuu inaachia kwa patasi na nyundo nyepesi, na tofali linatoka zima. Ya stoo yakahamia chini ya dirisha, tuliyookota na yale mapya yakajaza mapengo ya stoo, viungo vikinenepeshwa pale palipohitajika. Fundi alikawia zaidi kwenye mchanga kuliko kwenye matofali. Viungo peke yake ni karibu sehemu moja kati ya sita ya uso wa ukuta, na rangi yake ni ya mchanga. Alichanganya chokaa na mchanga wa aina mbalimbali, akapaka vipande vya majaribio, na akanikataza katakata kuvitolea hukumu kabla havijakauka.

Mwenzangu hakufurahi. Mbele wanapita wapita njia, alisema, sisi wenye nyumba tunaanika nguo nyuma. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Mbele hakuna mgeni aliyewahi kuuliza kitu, jambo ambalo nadhani ndilo tulilolilipia.

Matofali mapya yaliyobaki, fundi alinikataza kuyaingiza ndani. Yaache nje yapigwe na jua na mvua, alisema, siku moja utayahitaji. Yako kando ya stoo hadi sasa, yameota kijani upande wa kivulini. Jana nilichukua moja, nikalisugua, nikaliegemeza chini ya dirisha la mbele, kisha nikarudi nyuma hatua kadhaa. Kimo bado ni kile kile cha 65, hicho hakioti wala hakinyauki. Lakini kwa rangi, ingebidi uambiwe ni lipi.