Shilingi tano kwa wiki: singo maza wa Uingereza na sheria

Ukisikia harakati za kutetea singo maza unafikiria maandamano. Uingereza ilikuwa zaidi kazi ya kufukua vifungu vya sheria, kimoja kimoja.

Mwaka 1918 Lettice Fisher alianzisha Baraza la Taifa la Mama Asiyeolewa na Mtoto Wake. Watoto wa nje ya ndoa walikuwa wakifa karibu mara mbili ya wenzao, na mama asiye na pa kwenda aliishia kwenye nyumba za maskini. Mahakama iliweza kumwamuru baba alipe, lakini tangu 1872 kiwango cha juu kilikuwa shilingi 5 kwa wiki. Kikapanda hadi 10 mwaka 1918, kisha 20 mwaka 1923. Na kesi zilikwama hapa: neno la mama peke yake halikutosha, lazima pawe na ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. (Kenya nayo ilikuwa na sheria kama hiyo ya kumlipisha baba, ikafutwa 1969.)

Sheria ya 1926 ilimhalalisha mtoto iwapo wazazi wangeoana baadaye, isipokuwa kama mmoja wao alikuwa na ndoa nyingine mtoto alipozaliwa. Tundu hilo lilizibwa 1959! Cheti kifupi cha kuzaliwa, kisichotaja wazazi na hivyo kisichofichua kuwa mtoto ni wa nje ya ndoa, kilikuja 1947. Kwangu hicho kikaratasi ni ushindi mkubwa kuliko unavyodhaniwa.

Mwaka 1970 Tessa Fothergill akaanzisha shirika la Gingerbread, wazazi wanaolea peke yao wasaidiane wenyewe. Baraza na Gingerbread wakaungana 2007.