Safari ya Bondeni: Mzansi niliyoisikia kwenye taxi

Afrika Kusini sisi huku tunaiita Sauzi, wengine Bondeni, vijana wa kule wenyewe wanaiita Mzansi. Ni jina la mtaani, limetokana na neno la Kixhosa lenye maana ya kusini, na limepanda mpaka benki kubwa za nchi zilipoanzisha akaunti ya watu wa kipato cha chini mwaka 2004 zikaiita Mzansi na watu wakapanga foleni. Timu ya taifa hivohivo, Bafana Bafana ni jina walilolibuni waandishi wa gazeti la Sowetan mwaka 1992 nchi ilipokuwa inarudishwa kwenye mpira wa kimataifa, na leo hata rais akisimama anasema Bafana. Mimi nilienda kwa basi, kwa makusudi kabisa, sababu nilitaka kuisikia nchi inavyobadilisha lugha njiani kabla sijafika Joburg, kwenye ndege hilo hulipati.

Beitbridge, mpakani na Zimbabwe, tulivuka alfajiri. Mtanzania haitaji viza kwa siku 90 kwahiyo ukishagongewa muhuri unarudi kwenye basi, ila mi nilisimama kidogo kuangalia nembo yao ya taifa pale ukutani, ile ya mwaka 2000, chini yake kuna maneno ya /Xam, lugha ya Wasan ambayo haina tena mtu anayeiongea nyumbani kwake. Maana yake watu walio tofauti waungane. Katiba yao ya 1996 ilitaja lugha rasmi 11, mwaka 2023 wakaongeza lugha ya alama zikawa 12, ila kauli ya taifa waliitafuta kwa wale ambao lugha yao ilishauawa ili kabila lolote lisiseme mwenzangu kapendelewa. Nawaelewa kabisa. Ila nilitaka kujua hao watu wenyewe wakishuka kwenye basi wanaungana kwa maneno gani.

Pembeni yangu kuanzia Musina alikaa mama mmoja wa Thohoyandou, mtu wa makamo, shuka begani. Akanifundisha kwamba kwa Wavenda mwanaume anasalimia "Ndaa" na mwanamke anasema "Aa", nikamsalimia akafurahi akanipa chungwa. Tulivyopita Polokwane simu ya aliyekaa mbele yetu ikawa inaongea Kisotho cha kaskazini, Thobela nyingi, ndo salamu yao, kukaribia Pretoria vijana waliopandia njiani wakaanza ile wanaiita Sepitori, Kitswana na Kisotho cha kaskazini vimechanganywa na Kiafrikaans na Kiingereza, huwezi kutenganisha kipi ni kipi. Basi yule mama akaniambia kitu nikakaa nacho safari nzima, kwamba wanae wote wawili wanaishi Joburg na wakiwa kwenye taxi, yani daladala za kule, hawaongei Kivenda kwa sauti. Wanaongea Kizulu. Nikamuuliza kwanini mama, akasema ukiongea Kivenda wanakuuliza umetoka nchi gani. Mtu mwenye kitambulisho cha nchi yake, amezaliwa humo na babu yake kazikwa humo!

Joburg nilipokelewa na kaka mmoja wa Kigoma anayekaa Yeoville miaka mingi, kesho yake akanipeleka stendi ya Bree, mtaa umeshabadilishwa jina unaitwa Lilian Ngoyi lakini hakuna dereva niliyemsikia akiuita hivo. Tukapanda taxi ya Soweto. Taxi zao ni kama hizi Hiace zetu za daladala, ila hamna konda. Nauli inatoka siti ya nyuma inapita mkono kwa mkono, kila anayeipokea anasema ya watu wangapi, "abantu ababili", watu wawili, na aliyekaa mbele pembeni ya dereva ndo anageuka mhasibu wa gari zima, anahesabu, anarudisha chenji nyuma. Siku ile alikuwa binti na sare za nesi, kucha ndefu, noti kazibana katikati ya vidole kama kadi. Noti ya randi 10 ni tiger, ya 50 ni pinki kwa rangi yake, ya 100 ni klipa, yani kama sisi tulivyo na jero, buku na msimbazi. Mzee wa nyuma akalalamika kwa Kisotho kwamba chenji yake imepungua, binti akamjibu kwa Kizulu kwa heshima, baba, aliyetangulia katoa klipa ngoja kidogo, dereva akadakia kwa maneno ambayo nusu ni Kiafrikaans, gari zima likacheka na mzee pia akacheka. Hakuna aliyetafsiriwa. Hakuna aliyehama lugha yake. Kushuka ndo usiseme, unapaza sauti "after robot", robot ni taa za barabarani, au "short left" ukitaka akuachie kona ya kushoto, hayo mawili mtu yeyote kule anayajua, Mzulu, Mshangaan, Muhindi wa Lenasia, wote.

Halafu kuna kijana akapanda, mwenzie akamwambia heita bra, uko vipi, akajibu "moja". Sikio la Mswahili lazima lisimame hapo! Moja kwao ni niko poa, na si la wahuni peke yao, serikali iliwahi kuita kampeni yake ya kuwaambia vijana waachane na madawa Ke Moja. Kaka wa Kigoma akaniambia utazoea, hapa kila lugha iliyopita imeacha kitu.

Soweto nilitaka Orlando West, kwenye makumbusho ya Hector Pieterson. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa shule waliandamana kukataa kufundishwa nusu ya masomo kwa Kiafrikaans, polisi wakawapiga risasi, na picha aliyopiga Sam Nzima ya huyo Hector, mtoto, amebebwa ikazunguka dunia. Mzee mmoja pale mlangoni aliposikia natoka Tanzania akasema neno moja tu: Mazimbu. Wengi waliokimbia baada ya 1976 waliishia kwetu Morogoro, kwenye ardhi tuliyowapa ANC, chama chao cha ukombozi, mwaka 1977, wakajenga shule wakaiita jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji wao aliyenyongwa 1979, na leo ni kampasi ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine. Mzee akanisalimia "habari ya Morogoro" kwa lafudhi nzuri tu, akasema mdogo wake ndo alisoma huko. Kundi la wanafunzi wadogo likawa linaimba wimbo wa taifa pale nje, unaanza na Nkosi Sikelel' iAfrika ya Enoch Sontonga, ile ile tune ya Mungu Ibariki Afrika yetu, nikaimba kimoyomoyo kwa Kiswahili mpaka walipofika kwenye kipande cha Kiafrikaans nikabaki nasikiliza.

Sasa hapa ndo pananigusa. Watoto wa 1976 wamekufa wakiikataa lugha ya mtawala darasani, lakini lugha yao ya kijiweni, tsotsitaal, mifupa yake ilikuwa Kiafrikaans. Ilikulia Sophiatown, mji uliokuwa upande wa magharibi wa Joburg ambako watu weusi waliruhusiwa kumiliki viwanja, Wazulu, Wasotho, machotara, Wahindi, Wachina, kila mtu na jirani asiye kabila lake, kwahiyo watoto wakajitengenezea ya kwao. Tarehe 9 Februari 1955 polisi wakaja na malori wakaanza kuwahamisha, nyumba zikabomolewa, pakajengwa mtaa wa wazungu ukaitwa Triomf, ushindi. Waliohamishwa wakapelekwa Meadowlands, na huko serikali ikawagawa kwa kabila, kanda hii Wasotho, kanda hii Wazulu, hii Watswana, ili wasichanganyikane tena. Wakachanganyikana. Watoto wa kanda za Kizulu wakaijenga lugha ya mtaani juu ya Kizulu, wa kanda za Kisotho juu ya Kisotho, ndo hiyo iscamtho unayoisikia mpaka leo, na baada ya 1976 ule uti wa Kiafrikaans ukazidi kupungua ila maneno yamebaki. Kasi, mtaa wa watu weusi, linatoka lokasie la Kiafrikaans, neno la makaratasi ya serikali ya kibaguzi, na leo mtu akikwambia mimi ni wa kasi anaongea kifua mbele. Kwangu huo ni ushindi mkubwa kuliko ule walioandika kwenye kibao cha Triomf, ambacho nacho kiling'olewa, jina la Sophiatown likarudishwa rasmi 2006.

Nilienda mpaka pale. Nyumba ya Dk. A. B. Xuma aliyekuwa rais wa ANC miaka ya 40 bado imesimama Toby Street, ni kati ya chache sana zilizopona, na kanisa la Kristo Mfalme lipo, pale ndipo majivu ya padri Trevor Huddleston yalipozikwa. Wazee wa Masasi wanamjua, alikuwa askofu wao kuanzia 1960 mpaka 1968, alikuja kwetu baada ya kupigana kuzuia bomoabomoa ya Sophiatown. Nilikaa kwenye benchi la nje muda mrefu. Mtaa umepoa, nyumba za kawaida, geti na mbwa, ukiambiwa hapa palizaliwa lugha inayoongewa na mamilioni huwezi kuamini.

Ila lugha hiyohiyo ina neno kwerekwere, wingi makwerekwere, ndo sisi hao, Waafrika wa kutoka kaskazini, watu ambao maneno yao eti ni kelele tu. Mei 2008 vurugu zilianzia Alexandra zikasambaa, wakafa watu 62. Kulikuwa na mtihani barabarani, unaulizwa kiwiko kwa Kizulu kinaitwaje, jibu ni indololwane, ukishindwa au ukitamka vibaya umekwisha. Na kati ya hao 62, 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Hapo nikamwelewa vizuri yule mama wa Thohoyandou na wanae wanaonyamaza kwenye taxi. Sitaki kulainisha hili jambo sababu tu niliipenda taxi ya Soweto. Lugha iliyotengenezwa na watu waliofukuzwa makwao kutumika kumfukuza mwingine inauma, na nilimwambia hivo kila aliyeniuliza naionaje Mzansi. Wengi walikubali. Mmoja alikasirika, akasema hatujui shida ya ajira waliyonayo, tukabishana hapo kwenye shisanyama, kijiwe chao cha nyama choma, mpaka nyama ikapoa, ila alinilipia kinywaji na mimi nikamlipia cha kwake.

Yeoville jioni ni kama uko Bukavu na Kigoma kwa pamoja, sokoni unanunua mihogo, kisamvu na dagaa kwa Kiswahili bila shida yoyote, wamama wa Kikongo wanakuita papa. Tulikula kwa familia moja ya Uvira rafiki zake kaka. Kijana wao wa kwanza kazaliwa hospitali ya Joburg, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, kwa mama yake anaongea Kiswahili cha Kongo, akishika simu ni iscamtho tupu, eish na sharp kila baada ya sekunde, na shuleni Kizulu amekichukua kama lugha ya nyumbani na anaongoza darasa. Hati zake bado zinasumbua. Mwaka 2018 wizara ya elimu ilitangaza Kiswahili kiwe somo la hiari mashuleni, nikamuuliza angekichukua, akasema kaka, hicho nakijua tayari, nipe hesabu.

Nikamuuliza na lile swali la uchokozi, Februari 2024 Bafana walipokutana na Kongo kugombea nafasi ya tatu Afcon alikuwa upande gani. Bafana, akasema, hata hakufikiri. Ilikuwa 0-0, matuta 6-5, Ronwen Williams golini, yeye akatoka nje kupiga kelele na vijana wa mtaa mzima. Mama yake akapaza sauti toka jikoni kwamba refa aliwaonea Leopards, timu ya Kongo, baba akasema hapana penalti ni penalti, kaka wa Kigoma akaingilia na yeye wakati Tanzania hata makundi hatukuvuka, tukabishana hivo mpaka saa sita usiku na asubuhi nikawahi basi la Durban.