Mpiga udi wangu: wiki ya pili, ubao wa tatu

Jumatatu. Namchora mpiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarab. Ili iniongoze, nimebandika ukutani nakala ya "Mpiga Gitaa Mzee" ya mchoraji Picasso, na unyevu wa Malindi umeshaikunja pembe. Yenyewe ipo Chicago. Aliichora Barcelona, mwishoni mwa 1903 kuingia 1904, kijana wa miaka 22 asiye na kitu. Ngozi buluu, nguo buluu, ukuta buluu. Gitaa tu ndilo la kahawia.

Kila ninayemwonyesha ananiambia gitaa ndiyo faraja ya yule mzee. Mimi sikubali. Mzee kafumba macho, mkono wa kulia umemlegea mbele ya tundu la gitaa. Ile kahawia tunaiona sisi, yeye haioni.

Jumatano. Babu mmoja wa mtaani, aliyepiga udi kwenye taarab ujanani, amekubali nimchore. Nikamkalisha mkekani, miguu kakunja. "Babu, inamisha kichwa mpaka begani, shingo iishe kabisa." Akajaribu, udi ukamteleza mapajani. Akacheka. "Mjukuu wangu, hili si gitaa. Ukilala nao, nao unalala."

Kweli. Mgongo wa udi ni wa mviringo kama nusu ya boga. Usipoubana kwa mkono wa kulia, unageuka uso juu. Anayeupiga lazima akae macho. Yule wa Picasso ameweza kujikunja vile kwa sababu gitaa lina mgongo bapa, linamvumilia. Nimekesha na jambo hili. Michoro yangu yote saba ilikuwa ya mtu anayepiga gitaa lenye umbo la udi! Nimeitupa.

Jumamosi. Plaiwudi mpya ni ghali, nimechukua ubao wangu wa zamani wenye Mmasai niliyemchorea watalii na hakununuliwa. Nyeupe niliipaka mkono mmoja tu, kwa uvivu, na leo shuka jekundu linachungulia nyuma ya shingo ya babu. Nilishika msasa, kisha nikauweka. Kwenye picha ya Picasso pia, nyuma ya shingo ya mzee, kuna uso wa mwanamke unaojitokeza kwa mbali: alichora juu ya kazi yake nyingine. Shuka libaki.

Kanzu nimeshaitia buluu. Udi bado. Babu ameutazama ubao kwa muda mrefu, nikadhani anasikitika. Alikuwa anahesabu vigingi vya kukazia nyuzi: nimechora kumi, wake una kumi na kimoja.