Mungu Amesikia Sauti ya Kijana Huko Aliko

Neno la wiki: Mwanzo 21:14–21

Wapendwa katika Bwana, tukisoma habari za Hajiri, mjakazi aliyemzalia Ibrahimu mwana, Ishmaeli, huwa tunakimbilia kisima alichoonyeshwa na Mungu jangwani. Wiki hii, tukiwafikiria wasio na makao, naomba tuanze na kiriba, mfuko wa ngozi wa maji.

Ibrahimu aliamka alfajiri, akatwaa mkate na kiriba cha maji, akamtwika Hajiri begani, akamkabidhi kijana, wakaachana. Hakuwa mtu wa roho mbaya. Sara mkewe alipotaka wafukuzwe, Maandiko yanasema jambo lile lilikuwa baya sana machoni pake, na Mungu alikuwa amemwahidi kwamba mtoto hatapotea. Hata hivyo, mama na mwanawe ambao jana walikuwa na kwao, leo hawana. Na Ishmaeli hakuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alitahiriwa akiwa na miaka 13, kabla Isaka hajazaliwa, na safari hii inakuja baada ya Isaka kuachishwa ziwa. Kwa hiyo ni kijana wa miaka 16 hivi, umri uleule wa wengi tunaowapita wamelala kwenye vibaraza vya maduka.

Kisha maji yakaisha. Mwandishi halaumu mtu, anasema tu kwamba yaliisha. Msaada wetu mwingi kwa wasio na makao ni wa namna hiyo: unga, blanketi, nguo, picha ya pamoja, sala, kwaheri. Mwenye njaa anahitaji kula leo, na wanaogawa chakula Mungu awabariki. Lakini msaada unaotolewa pamoja na kwaheri una siku yake ya kuisha, na siku hiyo sisi tunakuwa tumeshaondoka.

Tazama Mungu anavyoanza. Anauliza: "Una nini, Hajiri?" Kinywani mwa Sara alikuwa "mjakazi huyu", hapa anaitwa kwa jina na kupewa nafasi ya kueleza. Swali hilo ni kazi kubwa kuliko tunavyodhani, maana watu hawaingii barabarani kwa mlango mmoja. Yuko mama aliyekimbia kipigo usiku na watoto. Iko familia ambayo baba aliugua, kazi ikaisha, kodi ikalimbikizana. Yuko binti aliyefukuzwa alipopata mimba, na kijana aliyelelewa kituoni ambaye siku ya kutimiza miaka 18 alipewa begi lake na kuambiwa sasa ni mtu mzima. Wengine huwaoni kabisa: wiki hii wanalala kwa rafiki, wiki ijayo kwa shangazi, na kila anayewapokea anaanza kuhesabu siku. Ukiwapa wote kifurushi kimoja, hujawauliza wana nini.

Na hapa kuna jambo ambalo limenishika sana. Aliyepaza sauti kulia katika mstari wa 16 ni mama. Lakini malaika anasema: "Mungu amesikia sauti ya kijana huko aliko." Hatuambiwi kijana alisema neno lolote. Alikuwa amelazwa chini ya kijiti, mama yake yuko mbali kadiri ya mtupo wa mshale kwa sababu hawezi kumtazama akifa. Vijana wengi wako hivyo, hawaombi, wanajikunyata. Tunawasikiliza wazazi, walezi na maafisa, yeye mwenyewe hakuna anayemuuliza. Mungu alimsikia huko aliko, bila kumngoja aje kwanza mahali pa heshima.

Halafu akamwambia mama amwinue kijana na kumshika mkono. Msaada wa kweli hauwatenganishi. Ziko nyumba za hifadhi zinazompokea mama na watoto wadogo, lakini mvulana wake mkubwa anaambiwa atafute pengine, au baba anabaki nje. Kanuni hizo zina sababu zake za usalama. Hata hivyo, mama akilazimika kuchagua ni mtoto yupi alale ndani, huo ni mtupo wa mshale mwingine.

Kisha Mungu akamfumbua Hajiri macho, akaona kisima cha maji. Kisima, nadhani, kilikuwapo muda wote. Kilichofumbuliwa ni macho. Mara nyingi huduma zipo: ofisi ya ustawi wa jamii, msaada wa kisheria kwa anayetaka kufukuzwa nyumbani, zahanati, mshauri wa vijana. Lakini fikiria mama aliyeshika kalamu mbele ya fomu. Jina ameandika, umri ameandika, kalamu imesimama kwenye "anwani ya makazi". Bila anwani hapati kitambulisho. Bila kitambulisho hapati nyumba ya kupanga. Bila nyumba, anwani itoke wapi? Kanisa linaweza kumkubalia atumie anwani yake, kumtunzia vyeti visilowe mvua, na kumpa mtu wa kwenda naye ofisini na kungoja naye foleni mpaka aitwe.

Mwaka 1992 huko New York ulianza mpango uliompa nyumba mtu aliyekuwa akiishi barabarani bila kumtaka kwanza aache pombe au apone. Matibabu na ushauri vilifuata akiwa ndani. Finland iliufanya mwelekeo huo kuwa sera ya nchi mwaka 2008, mabweni ya kulala usiku yakageuzwa vyumba vya kupanga, na idadi ya wasio na makao ikapungua sana.

Watumishi wa zamani walilijua hili kwa gharama. Mwaka 1847, mjini Turin, Italia, padri Don Bosco na mama yake Margherita waliwalaza vijana kwenye dari la majani makavu. Asubuhi vijana wameondoka na mashuka na mablanketi. Wengi wetu tungefunga mlango. Mei mwaka uleule kijana yatima wa miaka 15 alibisha hodi akiwa ameloa mvua. Mama Margherita akampangia matofali na mbao jikoni, akatandika godoro. Yule akabaki. Ilipofika 1853 palikuwa na karakana za ushonaji viatu na nguo kwa wenzake. Ishmaeli naye, mstari wa 20: "Mungu akawa pamoja na huyo kijana, akakua," akawa mpiga upinde. Alipata ujuzi.

Neno moja la tahadhari: mtoto chini ya miaka 18 usimchukue kwako kimyakimya, hata kwa nia njema. Pitia ustawi wa jamii, kwa usalama wake na wako.

Wiki hii tuwaombee vijana wanaotoka vituoni mwaka huu, akina mama wanaoogopa kurudi kwao, na wahudumu wa nyumba za hifadhi waliochoka. Na kila kikundi cha maombi kichague mtu mmoja aende kwenye nyumba ya hifadhi iliyo karibu, awaulize wana nini, kisha alete jibu tutakapokutana.