Ukihamia kamera ya mkanda: mambo ya renjifainda

Renjifainda ni kamera unayolenga kwa kuunganisha taswira mbili dirishani, na dirisha lake halipiti kwenye lenzi. Ukisahau kifuniko, madau ya Bagamoyo utayaona vizuri tu, na mkanda utatoka mtupu. Kulenga: mlingoti unaonekana mara mbili katikati ya dirisha, zungusha pete ya lenzi mpaka iwe mmoja.

Ukivuta wenzo wa kusogeza mkanda, tazama kirungu cha kurudishia mkanda. Kisipozunguka, mkanda haujashika, utapiga picha 36 hewani.

Mkanda wa ISO 400 (wepesi wake wa kupokea mwanga), jua kali: tundu la lenzi f/16, kasi 1/500 ya sekunde. Kivulini mwa Ngome Kongwe, f/4. Ukibahatisha, zidisha mwanga. Negativu, yaani taswira iliyo kwenye mkanda, haipendi giza, kinyume kabisa na dijitali.

Pazia la kitambaa, linalozuia na kuruhusu mwanga kwenye mkanda, ndilo la kuonea huruma. Lenzi ikiachwa wazi ikitazama jua, pazia hutoboka, na picha hupata doa jeupe palepale.