Asubuhi ya salfa

Jumamosi nilikuwa kwenye basi kutoka Masasi kurudi Mtwara, na abiria wa mbele yangu alikuwa na mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, miguuni. Mfuko ulikuwa umetoboka. Tulipofika Ndanda basi zima lilikuwa linakohoa, madirisha yanafunguliwa, konda anagomba. Wengine walifunika pua. Mimi niliivuta ile harufu kwa makusudi, na Mnazi Mmoja tumeipita nikiwa bado niko shambani kwa mjomba, barabara ya Naliendele, asubuhi ile Rais alipokuja.

Shamba lilikuwa linapakana na uwanja wa ndege. Kutoka darasani kwetu tuliziona ndege zikishusha magurudumu. Ya ATC, shirika la ndege la taifa, ikija, mwalimu alinyamaza na chaki mkononi, mngurumo ukipita anaendelea pale pale alipoishia. Ya serikali, ile Fokker ya pangaboi, tuliijua kabla hata haijaonekana, maana siku moja kabla yake majani ya barabarani yalifyekwa na sisi wanafunzi tulipangiwa mahali pa kusimama. Rais alikuwa Mkapa, mtu wa kwetu, wa Lupaso. Daraja la Rufiji lilikuwa bado halijafunguliwa. Masika ikichachamaa, barabara ya Kibiti hadi Lindi ilikuwa haipitiki, anayeweza anapanda ndege, asiyeweza anasubiri meli. Mjomba alipenda kutuhadithia kwamba uwanja ule waliujenga Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wa ule mpango wao wa karanga. Karanga zikawashinda, reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa, bandari na uwanja vikabaki. Na sisi tukabaki na korosho.

Ilikuwa Julai, mikorosho imechanua. Wakati wa maua ndipo ugonjwa wa ubwiriunga unapoingia, na ukiingia hauna mjadala: maua yanavaa weupe, kisha yanakauka, unabaki na mti wenye majani mazuri usio na kitu. Dawa yake ni salfa ya unga, robo kilo kwa mti, na hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado majanini ili unga ushike, upepo ukiwa haujaamka. Jua likipanda, unaipulizia hewa. Mashine hatukuwa nayo. Mjomba aliikodi kwa mtu wa Mtawanya, na kwa msimu ule foleni ilikuwa ndefu. Zamu yetu iliangukia asubuhi ile.

Tulianza giza halijatoka vizuri. Mjomba amebeba mashine mgongoni, kitambaa kimefungwa usoni, mimi nakokota mfuko na kumjazia. Salfa ilikuwa inapanda kwenye matawi, inakaa pale juu kwanza, halafu inashuka polepole. Macho yanawasha, machozi yanatoka, unaendelea. Tulikuwa tumeanzia upande wa nyumba tukielekea uzioni. Ilibaki mistari ya mwisho, ile inayopakana na uwanja, nikamwona askari anakuja kwa miguu kati ya miti, buti zimelowa umande.

Mjomba alipunguza moto wa mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Kule wanaona moshi. Nani anachoma moto huku?"

"Hakuna moto. Ni salfa hiyo."

Askari alishika kikonyo cha maua, akakisugua kwa kidole gumba, akakiangalia kidole chake kilivyokuwa njano. Alikuwa kijana, pengine hakunizidi hata miaka kumi. Akasema taratibu, "Zima mashine, mzee. Mpaka mgeni atue."

"Anatua saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne umande haupo. Na mashine hii ya watu, mchana inakuja kuchukuliwa. Niachie mistari hii tu, mwanangu, nusu saa haifiki."

Yule askari aligeuka akautazama uwanja, halafu akaitazama ile miti, mmoja mmoja, kama anayehesabu. Nakumbuka aliivua kofia, akaipangusa salfa iliyomwangukia, akaivaa tena. "Mzee, nakuelewa. Baba yangu ana mikorosho Tandahimba, nimesoma kwa korosho. Lakini wakubwa wakiuona tena huu moshi, anayeulizwa ni mimi."

Hakupaza sauti. Angefoka, nadhani mjomba angebishana naye mpaka jua litoke. Mjomba alisimama na mashine inanguruma mgongoni, mkono kwenye bomba, kwa muda niliouona mrefu mno. Mimi nilikuwa naitazama ile mistari ya uzioni na kumwomba Mungu askari aitwe kwingine. Hakuitwa. Mjomba akazima.

"Haya, mwanangu," akamwambia. "Nenda kamwambie mkubwa wako hakuna moto."

Baada ya hapo akaoga. Akavaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia, akatangulia barabarani. Mimi nilikwenda kupanga mstari na wenzangu, nywele bado zina unga wa njano. Ndege ilitua jua limeshapita utosini. Msafara ukapita, vioo vimepandishwa, tukapunga mikono na kuimba. Ng'ambo ya barabara nilimwona mjomba anapunga kwa mikono yote miwili, uso umemng'aa kabisa. Kwenda kumlaki hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa amekuja mtu wa nyumbani, Mmakonde wa Naliendele na Mmakua wa Lupaso wote walikuwa na Rais wao, na mjomba aliliona hilo ni jambo kubwa kuliko mistari ya mikorosho. Au ndivyo nilivyomwelewa mimi.

Maua ya mistari ya uzioni yalikauka yote. Ile mingine ilizaa wastani.

Julai 2020 tulikuwa tumekusanyika kwake, redio imewashwa, Mkapa anazikwa Lupaso. Mjomba alilia, mzee wa umri ule, bila kujificha. Binti yake, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, alimtazama mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Baba, unamlilia huyu? Na ile salfa?"

"Yeye hakusema tuzime. Hakujua hata kama nipo."

"Basi ndilo hilo ninalolisema, baba. Hakujua."

Mjomba akamwambia anyamaze, kuna maiti. Walikaa siku mbili hawasemeshani vizuri. Nimejaribu mara nyingi kuamua nani kati yao yuko sahihi. Nikimsikiliza mjomba naona ni kweli, huwezi kumdai mtu aliyekuwa angani. Nikimsikiliza binti yake naona ni kweli pia, maana kutoka kwenye dirisha la ndege ile shamba letu lilionekana wazi, kijani chote na njano yake, na aliyekuwa juu hakuwa na namna ya kujua kuna watu wamesimama chini na mashine iliyozimwa. Wala siwezi kuapa kwamba ile mistari ingepona. Ubwiriunga mwaka ule ulikuwa mkali hata kwa waliopulizia vizuri.

Ninachokijua kwa hakika ni hesabu ya Desemba. Zilipouzwa korosho, fedha zilitosha mwanafunzi mmoja. Binti wa mjomba alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, na orodha ya vitu vya kununua ilikuwa imebandikwa ukutani tangu barua ilipofika: godoro, tranka, sare, ndoo. Mimi nilikuwa naingia kidato cha tatu. Kwa desturi yetu mpwa ni wa mjomba, na mjomba hakumwita mtu yeyote kushauriana naye. Januari ada yangu ililipwa. Yeye alikaa nyumbani mwaka mzima, akawa anasoma madaftari yangu ya zamani, mpaka alipopatiwa nafasi shule ya kutwa.