Pakiti Moja Inayozima Seva ya Majina

Tarehe 28 Julai 2015, shirika la Internet Systems Consortium, ambalo hutunza BIND, programu inayoendesha seva za majina, lilitangaza udhaifu wa kiusalama uliopewa namba CVE-2015-5477. Pakiti moja ya UDP, yaani kifungu kimoja kidogo cha data, iliyotengenezwa kwa makusudi ilitosha kuizima seva ya majina, na aliyeituma hakuhitaji nywila wala idhini yoyote. Ingawa udhaifu huo ni wa zamani, bado ninawaeleza vijana wanaojifunza kazi hii ya kusimamia seva pamoja nami hapa Kigoma, kwa sababu sijaona mfano mwingine unaoonyesha wazi namna hiyo jinsi kosa dogo la msimbo linavyogeuka kuwa kukatika kwa huduma, na jinsi marekebisho yaliyokwisha kuandikwa yasivyomfaa mtu yeyote mpaka yafike kwenye mashine inayofanya kazi.

Seva ya majina ndiyo inayobadilisha jina la kikoa kuwa anwani ya IP, na mfumo mzima wa kazi hiyo huitwa DNS. Kwa safari ya reli, Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na kila swali linalojibiwa hapa hapa kutoka kwenye kumbukumbu ya seva yetu ni swali ambalo halikulazimika kusafiri. Seva hiyo ikifa, nyaya zote huwa nzima na taa za vifaa huendelea kuwaka, lakini wakala wa bandarini anayejaza fomu za mzigo wa Bujumbura au Kalemie huona ukurasa mtupu na kupiga simu kusema mtandao haupo. Kwa upande wake yuko sahihi kabisa, kwani mtandao usioweza kutafuta majina haumsaidii kwa lolote.

Sasa niueleze udhaifu wenyewe. Rekodi za aina ya TKEY, zilizowekewa utaratibu mwaka 2000 katika waraka RFC 2930, huziwezesha mashine mbili kukubaliana kuhusu ufunguo wa siri. BIND ilipopokea ombi la TKEY, iliitafuta rekodi hiyo kwanza katika sehemu ya nyongeza ya ujumbe. Isipoipata, iliitafuta tena katika sehemu ya majibu, kwa kuwa Windows 2000 ilikuwa na desturi ya kuiweka huko, jambo ambalo mwandishi wa msimbo alilieleza ndani ya msimbo wenyewe. Kipande cha programu kinachofanya utafutaji huo hudai kwamba kielekezi cha jina kinachokabidhiwa, yaani alama inayoonyesha jina lilipo kwenye kumbukumbu, kiwe kitupu. Utafutaji wa kwanza ulipokuta jina lenyewe likiwa na rekodi ya aina nyingine, ulirudisha jibu la kushindwa, lakini ulikuwa umekwisha kukijaza kielekezi kile. Utafutaji wa pili ukaanza na kielekezi chenye kitu ndani yake, sharti likavunjika, na programu nzima ikajizima. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja tu, unaokirudisha kielekezi katika hali ya utupu kabla ya utafutaji wa pili. Udhaifu huo ulikuwamo tangu toleo la 9.1.0.

Wapo wanaouliza kwa nini programu muhimu kiasi hicho ijizime badala ya kuendelea. Mimi naunga mkono uamuzi wa waandishi wake. Programu inayogundua kwamba hali yake ya ndani si ile iliyotarajiwa haina tena msingi wa kuamini majibu yake, na seva ya majina inayotoa anwani zisizo sahihi humpeleka mteja wa benki mahali asipokusudia kwenda. Kuzimika ni hasara inayoonekana mara moja na inayoweza kurekebishwa. Hata hivyo, uamuzi huo una gharama yake: kila sharti la namna hiyo linaloweza kufikiwa na pakiti ya mtu wa nje ni mlango wa kunyimwa huduma, na kwa hiyo ni wajibu kulipatia kila sharti uzito huo wakati wa kuupitia msimbo.

Lililowaumiza wasimamizi wengi mwaka ule ni kwamba hapakuwa na kinga ya mipangilio. Tumezoea kuandika orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuuliza seva yetu, lakini TKEY ilishughulikiwa mapema, kabla ya orodha hiyo kuangaliwa. Fayawoli ya kawaida nayo haisomi ndani ya ujumbe wa DNS kiasi cha kuitambua pakiti mbaya. Wengine walitegemea mfumo wa kuiwasha upya programu kila inapozimika. Kinga hiyo ni dhaifu mno, kwa sababu anayeweza kutuma pakiti moja anaweza kutuma nyingine baada ya sekunde moja, na kila seva inapoanza upya kumbukumbu yake huwa imefutika, ikalazimika kuuliza kila kitu tena kutoka mbali. Dawa ilikuwa moja tu: kuweka toleo la 9.9.7-P2 au 9.10.2-P3, au kifurushi kilichorekebishwa na watunzaji wa mfumo endeshi unaotumika.

Suala la vifurushi huwachanganya wengi. Watunzaji wa Debian, kwa mfano, mara nyingi hawabadilishi toleo zima. Huchukua marekebisho peke yake na kuyaingiza katika toleo walilokuwa nalo, hivyo namba ya mwanzo hubaki ile ile ya zamani. Anayelinganisha namba hiyo na tangazo bila kusoma kumbukumbu ya mabadiliko ya kifurushi anaweza kuhangaika bure. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kifurushi kipya kimekwisha kuwekwa kwenye diski, lakini programu inayokimbia ni ile ya zamani kwa sababu hakuna aliyeianzisha upya. Ndiyo maana kwetu kazi haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka amri ya rndc status, inayoiuliza BIND hali yake, ionyeshe toleo linalokimbia kwa wakati huo.

Mwaka 2015, aliyekuwa na seva ya pili inayoendeshwa na Unbound, programu nyingine ya seva ya majina, alikuwa na nafuu, kwa kuwa msimbo wake ni mwingine kabisa. Mpangilio huo naupenda na bado tunautumia, lakini Februari 2024 ulionekana mpaka wake. Watafiti wa kituo cha ATHENE cha Ujerumani, Elias Heftrig, Haya Schulmann, Niklas Vogel na Michael Waidner, walitangaza KeyTrap, yaani CVE-2023-50387. Safari hii kosa lilikuwa katika kanuni zenyewe za DNSSEC, utaratibu wa kutia saini majibu ya DNS ili yasighushiwe, na programu zote zilizifuata kanuni hizo kwa uaminifu. Kila ufunguo una namba ya utambulisho ya biti 16, na funguo kadhaa zinaweza kuwa na namba moja. Kanuni iliitaka seva ijaribu kila ufunguo kwa kila saini mpaka ipate unaolingana, kama mlinzi wa ghala aliyeamriwa kujaribu shada zima la funguo kwenye kila kufuli. Mwenye nia mbaya akiweka funguo 100 zenye namba moja na saini 100 zisizo halali, seva inafanya ukokotoaji mara 10,000 kwa swali moja. Jibu moja la aina hiyo liliweza kuikwamisha BIND kwa saa 16.

Marekebisho yake yalikuwa kuweka ukomo wa majaribio, na yalitolewa katika BIND 9.16.48 na 9.18.24, Unbound 1.19.1 na nyinginezo. Wapo waliochagua kuzima uhakiki wa DNSSEC badala ya kusasisha. Sikubaliani nao hata kidogo, kwani huko ni kuondoa kinga dhidi ya majibu ya kughushi ili kukwepa kazi ya saa chache. Kwa wenye maduka na nyumba za wageni wa Mwanga na Ujiji wanaoniuliza kuhusu ruta zao: nyingi hutumia dnsmasq, programu ndogo ya DNS, ambayo ilirekebishwa katika toleo la 2.90, lakini kwa kawaida dnsmasq hupeleka maswali mbele tu bila kuhakiki saini. Kama hakuna aliyewasha uhakiki kwenye ruta hiyo, KeyTrap haiigusi, na mashine ya kuchunguza ni ile inayoyapokea maswali yake.